Mbegu Ambayo Nguruwe Huiacha

Tarehe 9 Juni 2024, siku ya Jumapili, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa ameanguka Ijumaa iliyotangulia shambani, katikati ya miparachichi, mkasi wa kukatia matawi ukiwa mkononi, na hospitali ya Njombe wakatuambia ni kiharusi. Kuanzia alipoanguka hakusema neno tena. Kwa mtu mwingine hilo lingeweza kuonekana jambo dogo kuliko kifo chenyewe. Kwake, nadhani kifo kilianzia hapo, kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa mnadi wa usharika wetu.

Kwetu, ibada ikiisha Jumapili, watu hawatawanyiki. Asiye na fedha ya sadaka huleta alichonacho: kabichi, mayai, jogoo, debe la viazi. Vitu hivyo hupelekwa mbele ya madhabahu, mchungaji huviombea, kisha hutolewa nje na kunadiwa. Anayenunua anaweza kwenda nacho nyumbani, au akasema kwa sauti, "Nampa fulani," na huyo fulani hana budi kukipokea. Kitu cha mnadani hakikataliwi. Ukikikataa umemkataa aliyekupa, na aliyekileta, na sala iliyosomwa juu yake. Nimeona mtu aliyekatazwa mayai na daktari akipewa trei nzima mnadani, akaibeba kwa mikono miwili akishukuru, na akayala.

Mume wangu alinadi kwa miaka mingi. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kawaida, lakini akisimama pale uani na kitu mkononi, alibadilika.

"Kabichi hii," alisema siku moja, akiinyanyua kama mtoto wa ubatizo, "imelala nje na baridi ya Njombe tangu Mei, haijakohoa hata mara moja. Wewe baba pale nyuma, ibada nzima umekohoa. Nunua kabichi."

Au jogoo: "Huyu ana wake sita na hajawahi kuitwa mbele ya wazee wa kanisa. Nani hapa anaweza kusema hivyo? Msiangalie chini, angalieni jogoo."

Watu walicheka na bei ikapanda. Mimi nilikaa nyuma na wanawake wenzangu, sikusema kitu. Sijawahi kuwa msemaji. Mwenye kusema nyumbani kwetu alikuwepo, nikaona inatosha.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa usharikani aliyeuza mitumba ya watoto. Siku moja akaacha mitumba akaanza kuuza afya. Alikwenda semina Makambako, akarudi na begi lenye magurudumu, na kuanzia hapo hakumsalimu mtu bila kumwangalia kwanza macho, kucha na ulimi. Ukimsalimu kwa kamwene ya kwetu, alikujibu kwamba una sumu mwilini. Mtu aliyezoea kutuuzia soksi za mtoto, moja nyekundu na nyingine ya pinki, sasa alitujua ini na figo.

Akaleta limbuko la biashara yake kanisani. Makopo mawili, marefu, yenye picha ya parachichi lililokatwa katikati na kung'aa kuliko parachichi lolote nililowahi kuvuna. Ndani ulikuwamo unga wa rangi ya udongo mwekundu. Ulikuwa unga wa mbegu ya parachichi.

Hapa nataka msomaji anielewe. Sisi tunalima parachichi. Njombe nzima sasa inalima parachichi. Wanunuzi huchukua tunda zuri, lenye doa huliacha, na lile lililoachwa tunawamwagia nguruwe. Nguruwe wetu hula nyama ya tunda, hula ganda pia wakiwa na njaa, na mbegu huiacha. Ukiingia bandani asubuhi unazikuta mbegu zimebaki kwenye matope, safi, zimelambwa. Kitu ambacho nguruwe wa Njombe amekionja akakiacha, watu wamekisaga, wamekitia kwenye kopo, wamekirudisha Njombe, na wakapata wanunuzi Njombe hiyohiyo.

Mchungaji aliviombea vitu vyote kwa pamoja, kama kawaida. Hakusoma kopo. Kisha mume wangu akalinyanyua.

"Wapendwa, mnamjua huyu? Huyu ni mtoto wetu. Ni mbegu ya parachichi, alizaliwa hapahapa. Alikwenda mjini kusoma, leo amerudi amevaa suti. Mtamwacha arudi mjini?"

Watu walicheka mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakaja kuona. Kopo la kwanza likaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu. La pili alilinunua mzee mmoja wa kanisa, rafiki wa mume wangu tangu utotoni, akasema, "Nampa mnadi wetu, huenda likamnyamazisha."

Ndivyo lilivyoingia nyumbani kwangu.

Jioni hiyo mume wangu alilisoma kopo lote, mbele na nyuma. Lilisema linatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, tezi dume, maumivu ya viungo, kukosa usingizi na kukosa hamu. Nikamwuliza kama linatibu na paa linalovuja. Alicheka. Nikamwambia nguruwe huiacha mbegu hiyo. Akasema nguruwe hawana presha.

Yeye alikuwa nayo. Kwao ni ugonjwa wa ukoo, baba yao aliondoka nayo, na yeye na dada yake wa Makambako wote walikuwa wanakwenda kliniki na kumeza vidonge kila siku. Mwanzoni alikunywa ule unga kwa heshima ya aliyempa, kijiko asubuhi kwenye uji. Kisha yule mwanamke wa makopo alipita nyumbani kumjulia hali, akamwambia kitu cha asili hakikai pamoja na kemikali, kwamba vidonge vinaifukuza mbegu. Achague kimoja. Mume wangu akachagua kile alichokisifu mwenyewe mbele za watu. Kopo lilipoisha akanunua lingine, na kwa kuwa kila Jumapili lilikuja mnadani, kila Jumapili alilisifu, na kila alipolisifu aliliamini zaidi. Nilimwambia arudi kliniki. Alisema kichwa ni chepesi. Presha haiumi. Hiyo ndiyo riziki ya watu hawa wote. Wanakuuzia dawa ya kitu kisichouma, kisha wanakuuliza, "Unaumwa?" Ukisema hapana, wanakuonyesha kopo.

Sisemi unga ule ulimwua. Sijui, na daktari hakuniambia hivyo. Ninachojua ni kwamba aliacha vidonge, na alipoanguka, vilikuwa vimekaa kwenye kabati muda mrefu hata karatasi yake ilikuwa imepauka.

Msibani yule mwanamke alikuja. Alilia vizuri, alisaidia kumenya viazi, sitamsingizia. Kisha alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akanishika mkono, akasema, "Pole, dada. Tatizo alichelewa kuanza dozi."

Nilimwangalia mpaka akautoa mkono wake. Wenzangu walidhani ni uchungu wa msiba. Ilikuwa ni dharau, na imekaa nami mpaka leo. Nimejaribu kuiombea iondoke. Haijaondoka, na siku hizi nimeacha kuiombea.

Mwaka uliofuata, binti wa wifi yangu alinipigia simu kutoka Makambako. Alikuwa mjamzito wakati huo, anaishi na mama yake Mahongole hukohuko. Akasema, "Mkazamjomba, mama ameacha vidonge. Anakunywa ule unga wa mjomba. Anaumwa kichwa, lakini anasema ni sumu inatoka."

Nilifunga mizigo midogo, nikamwachia jirani nguruwe, nikaenda.

Wifi yangu ni dada pekee wa mume wangu. Ana pua yake na mdomo wake, kwa maana zote. Alinipokea kwenye kona ya barabara, akachukua kikapu changu, akaanza palepale.

"Kamwene, wifi. Umekonda. Huko Njombe mmeacha kula au mnauza chakula chote?"

"Tunakula. Nimekuja kukupeleka kliniki."

"Hata chai hujanywa."

"Nitakunywa. Kisha twende kliniki."

"Huyu mwanamke," aliwaambia watu wa duka tulilokuwa tunapita, "kaka yangu aliishi naye miaka yote hiyo hakumsikia akisema sentensi mbili. Leo amekuja na mbili, zote kunikamata."

Tulikubaliana hivi: mchana ule niende naye kwenye semina yake ya afya, nisikilize kwa heshima, na kesho yake asubuhi yeye aende nami kliniki. Alidhani semina itanigeuza. Nilikwenda.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, si mbali na stendi. Viti vya plastiki, spika moja, na kijana mwenye koti lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Alituita wapendwa, mabingwa, mabalozi. Aliuliza, "Wangapi hapa jioni mnasikia uchovu?" Mikono yote ikanyanyuka. Ulikuwa msimu wa kulima. Walikuwepo akina mama waliokuwa na matope kwenye visigino.

"Hiyo," alisema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba, "ni sumu."

Mimi nilidhani ni jembe.

Akaeleza kwamba chakula chetu hakina kitu tena, udongo umekufa, maji yamekufa, na kila mtu mle ndani alikuwa anakufa bila kujua isipokuwa yeye. Kisha akaonyesha watu waliopona. Mama mmoja alisema alikuwa haoni, sasa anaona. Alipokuwa anarudi kwenye kiti chake alikosea mstari, akashikwa mkono. Hakuna aliyecheka. Mwingine alisema alipona kwa makopo, kisha akaanza kuyauza, na sasa amepanda daraja, kwa hiyo kila anayenunua chini yake naye anapanda. Nikaona kwamba katika ukumbi ule nusu ya wagonjwa walikuwa wauzaji, na nusu nyingine walikuwa njiani. Kila mmoja alikuja kutafuta mtu mgonjwa kuliko yeye.

Ninawadharau watu wale. Simaanishi wote waliokaa kwenye viti, wengi walikuwa na maumivu ya kweli na hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza. Ninamdharau aliyesimama mbele, mwenye kujua kwamba presha haiumi na uchovu hauna kabila, na akapanga maswali yake kufuatana na hilo.

Ikaja mashine. Unashika kifimbo cha chuma, kompyuta inapiga kelele kidogo, kisha inatoa karatasi yenye magonjwa yako. Wifi alinisukuma mbele. "Pima, wifi. Uogope nini, ni bure."

Nilishika kifimbo. Kijana aliangalia karatasi, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo watu watatu wa nyuma waliisikia, "Mama, kizazi chako kina uvimbe. Bado ni mdogo. Tukiwahi, unatibika bila kisu."

"Kizazi changu kilitolewa," nilisema. "Baada ya mtoto wa mwisho. Kilibaki hospitali."

Hakushtuka. Hapo nilimheshimu kidogo, kama unavyomheshimu mwizi asiyetoa kelele. Akasema, "Mashine inasoma kumbukumbu ya mwili, mama."

Nyuma yangu nilisikia sauti ninayoijua. Wifi alikuwa anacheka kwa pua, kama kaka yake alivyokuwa akicheka kanisani, akijizuia. Tulipotoka nje alisimama kando ya barabara akashika kiuno.

"Kumbukumbu ya mwili," alisema. "Basi wanipime jino langu la darasa la nne."

Nilidhani yameisha. Lakini mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kopo jipya la mbegu. Alikuwa amelinunua wakati mimi nashika kifimbo.

Jua lilipoanza kushuka nilimwomba atoe makopo yote aliyonayo tuyaangalie. Alileta moja moja, akayapanga mezani, yakajaa mpaka sinia la viazi likahamia kwenye kiti. Binti yake alikaa mlangoni na tumbo lake, akitusikiliza.

Mimi niliishia darasa la saba. Siwezi kusoma majina yale marefu ya upande wa nyuma na sijifanyi ninaweza. Nilimwuliza maswali ninayoyaweza.

Asali. "Ungekula hii kama isingekuwa na karatasi?"

"Ningekula hata kama ingekuwa na nyuki."

"Inashusha presha?"

"Inashusha uji."

Asali ikabaki, kama chakula.

Kitunguu saumu kwenye vidonge. Nikamwuliza kama cha sufuriani kimekosa nini. Akasema cha sufuriani kinanuka. Nikamwambia basi hicho cha kopo kimetolewa kile kinachoonyesha kuwa kipo. Akakisogeza pembeni, akaenda kuchukua kitunguu cha kweli, akakitupia kwenye maharage ya jioni.

Kahawa ya uyoga. Wifi hajawahi kupenda kahawa wala uyoga. Alipoambiwa hivyo na mimi, alilitazama lile boksi kwa mshangao, kama mgeni aliyejikaribisha akalala siku tatu.

Chai ya kusafisha tumbo.

"Hiyo inafanya kazi," alisema. "Usiiseme vibaya."

"Mama, hata choo kinajua," binti alisema kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe. Wazazi wanaongea."

Mwani wa bahari, unga wa mizizi, mafuta ya mbegu nyeusi, matone ya kutia chini ya ulimi yasiyo na rangi wala harufu, ambayo mimi niliyaonja nikayaona ni maji. Nilimwambia ni maji. Akaonja. Akasema ni maji, lakini ya mbali.

Katikati ya makopo kulikuwa na mfuko mdogo wa karatasi wenye vidonge vyekundu. Nikauliza. Binti akasema ni vyake, vya kuongeza damu, amepewa kliniki ya wajawazito.

"Walikupimaje?" nilimwuliza.

"Walinitoboa kidole, wakaangalia damu, wakasema imepungua."

"Wakasema unywe mpaka lini?"

"Wakanipa siku ya kurudi wapime tena. Na nikishajifungua wataniambia niache lini."

Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta tangu msibani. Nilimwambia wifi atafute, kwenye makopo yote yale, moja lililompima kabla ya kumpa, na moja lililosema lini ataacha. Alivaa miwani akatafuta kwa dhati, siwezi kusema alinidanganya. Aligeuza kila kopo. Moja liliandika "dozi ya mwanzo miezi mitatu." Akasoma, akavua miwani, akasema, "Ya mwanzo."

Nikaviweka vidonge vyekundu upande wa asali. Hivyo binti ameze.

Lilibaki kopo la mbegu. Niliponyoosha mkono akaliwahi.

"Hili usiliguse."

"Wifi, hata nguruwe..."

"Najua habari ya nguruwe. Umeisema msiba mzima kwa macho yako." Alilishika kopo kifuani kwa mikono miwili. "Hili kaka alilinadi. Nilikuwa nimekuja Njombe Jumapili ile, nilisimama pale, nilimsikia. Ukisema ni takataka, unasema kaka yangu alisimama mbele ya kanisa akauza takataka. Na mimi nikiacha kulinywa, nimebaki na nini chake? Wewe una nyumba, una shamba, una nguruwe wake. Mimi nina sauti yake ikisema ninunue."

Binti aliinuka akaenda nje. Mimi nilikaa. Nilitaka kumwambia kwamba nina kabati lenye vidonge vilivyopauka, na kwamba nimekuja kwa sababu hiyo. Alijua. Kwa hiyo nilimwambia jambo lingine.

"Unakumbuka boga lenye tundu?"

Alikumbuka. Kila mtu alikumbuka. Fuko alikuwa amelila upande mmoja, na mume wangu alilinyanyua akasema, "Boga hili lina dirisha. Ninyi wengine mnakula maboga ya giza."

"Aliyelinunua alilifanya nyumba?" niliuliza.

Alilishusha kopo mapajani.

"Alisifu kila kitu, wifi. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Angewekewa jiwe mkononi angelisifu. Hakuwa anasema kweli wala uongo, alikuwa ananadi. Kosa lake ni kwamba hili moja alikwenda nalo nyumbani."

Alilirudisha kopo mezani, akaenda kupakua chakula. Maharage yalikuwa mazuri.

Asubuhi tulikwenda kliniki, kwa sababu alikuwa ameahidi, na katika ukoo wao ahadi wanaitimiza hata wakiwa wamenuna. Njia nzima aliongea na binti yake, mimi alinipita. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akasoma, akaufungua, akamfunga mkono wa pili, akasoma tena. Akaita daktari. Daktari aliuliza tangu lini ameacha vidonge, na wifi akamwambia, na akamwambia pia kuhusu unga. Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba presha iko juu sana, kwamba ingeweza kumwangusha njiani siku ile, akamwandikia vidonge na kumtaka arudi baada ya wiki. Wifi aliuliza atakunywa mpaka lini. Daktari akasema hivi atakunywa maisha yake yote. Wifi akanigeukia na uso wa ushindi.

"Umesikia? Naye hana siku ya kuacha."

"Lakini amekupima," nilisema, "na atakupima tena wiki ijayo." Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Tulirudi nyumbani. Aliviweka vidonge mezani, karibu na kopo, akakaa na sinia la viazi mapajani akaanza kumenya. Nikamletea maji niliyoyachemsha kwenye kuni. Akasema atameza baadaye. Nilikaa. Maji yakapoa. Alimenya viazi vya kutosha harusi.

"Vinadi," alisema bila kuinua uso.

"Nini?"

"Hivyo vidonge. Kopo lilinadiwa. Navyo vinadiwe. Kama hakuna wa kuvisemea, nitavimezaje?"

Nilimwambia siwezi. Alijua siwezi. Maisha yangu yote sijasimama mbele ya watu kusema kitu, hata siku ya kumzika mume wangu mwanangu ndiye aliyesoma kwa niaba yangu. Nilisimama. Nikachukua pakiti ile mezani, nikainyanyua, si juu sana.

"Hivi ni vidonge," nilisema, kisha nikaanza upya. "Hivi ni vidonge. Havina picha ya tunda. Havijasoma mjini, havijavaa suti. Ni vidogo hata kuku angevipita. Vimetengenezwa na watu wasiotujua, na hawatuiti wapendwa. Havitakupa nguvu. Havitakurudishia usichana. Wifi yangu, ukimeza hiki leo, kesho utameza kingine, na hakuna atakayekupigia makofi. Nani anaanza?"

Kisu kiliendelea kumenya. Nje jirani alikuwa anapasua kuni.

"Unanadi vibaya," alisema.

"Najua. Nani anaanza?"

Hakuanza. Nikangoja kadiri mume wangu alivyokuwa akingoja, kisha nikasema, "Basi naanza mimi. Mara ya kwanza." Kiazi kingine kikaingia kwenye sinia. "Mara ya pili. Mara ya tatu. Nimenunua mwenyewe." Nikaiweka pakiti kwenye sinia, juu ya viazi. "Nampa wifi yangu."

Kisu kikasimama.

"Wewe mwanamke," alisema. "Umenipa kitu cha mnadani."

"Nimekupa."

Alifuta mikono kwenye kitenge, mmoja, kisha mwingine. Akatoa kidonge kimoja, akakitia mdomoni, akanywa maji yote, akasema maji yana moshi. Kisha akachukua kopo la mbegu, akaliondoa mezani, akaliweka juu ya kabati kando ya picha ya kaka yake, akarudi kwenye viazi.